Kusomea ubingwa wa tiba ya mionzi Afrika Mashariki: namna ya kupima walimu, kuchagua programu na kuyafaidi mafunzo

Daktari kijana anayefikiria kusomea tiba ya mionzi ya saratani huuliza kwanza habari za mashine. Kuna LINAC (mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme) ngapi? Kobalti, mashine inayotumia chanzo chenye mionzi, bado ipo? CT simuleta, yaani skana ya kupangia tiba, ni ya kwao au wanaazima ya idara nyingine? Maswali hayo ni ya haki, maana bila mashine hakuna tiba. Lakini mashine haimwambii residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, kwamba mpaka wa eneo la kutibiwa aliouchora kwenye picha umeacha nje tezi iliyovimba. Anayemwambia ni mtu aliyekaa kando yake. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na watu: daktari bingwa, mwanafizikia wa tiba, mteknolojia wa mionzi na muuguzi wa chumba cha mionzi ya ndani, yaani ile inayotolewa kwa kuweka chanzo ndani ya mwili. Ukijua namna ya kuwapima kabla hujaomba nafasi, na namna ya kuwatumia ukishaipata, utatoka ukiwa bingwa hata kama kituo chako si kipya wala si kikubwa.

Hatua ya kwanza: jua unaomba ubingwa gani

Tanzania, kama ilivyo Uingereza, daktari bingwa wa saratani hufanya kazi zote mbili: anapanga mionzi na anaandika dawa za kemotherapi. Programu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ambayo residenti wake hufundishwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, inafuata mkondo huo. Marekani mambo ni tofauti. Huko unafanya mwaka mmoja wa tiba ya jumla kisha miaka minne ya mionzi peke yake, na dawa ni kazi ya bingwa mwingine.

Mimi naona mkondo wetu unafaa zaidi kwa nchi zetu. Bingwa anayepelekwa Mwanza, Moshi au Mbeya hawezi kumwambia mgonjwa asubiri mpaka apatikane mtu wa dawa. Ila una hatari yake: wodi ya kemotherapi haijui kutosheka. Wagonjwa ni wengi, dripu haziishi, na residenti hujikuta mwaka umekatika hajachora mipango ya mionzi ya kutosha. Basi ukiwa unaulizia programu, uliza moja kwa moja: katika wiki ya kawaida, residenti wa mwaka wa pili anakaa saa ngapi kwenye chumba cha mipango ya tiba? Jibu la "inategemea" maana yake ni saa chache.

Masharti ya kuingia hayana siri. Shahada ya udaktari, mwaka wa utarajali, usajili kamili wa baraza la madaktari la nchi yako, na mara nyingi muda fulani kazini. Linalowakwamisha wengi ni ada na mshahara. Ongea na mwajiri wako mapema, upate ruhusa ya masomo kwa maandishi, na ufuatilie matangazo ya ufadhili wa wizara ya afya kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Hatua ya pili: hesabu walimu

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) limekuwa likipendekeza daktari bingwa mmoja wa mionzi kwa kila wagonjwa wapya 200 hadi 250 kwa mwaka. Chukua namba hiyo uitumie kama rula. Kituo kinachopokea wagonjwa wapya 2,000 kwa mwaka kingehitaji mabingwa wanane hadi kumi. Ukikuta wako watano, kila mmoja anabeba 400. Hiyo haina maana kwamba ukimbie. Ukanda wetu wote uko hivyo. Maana yake ni kwamba lazima uulize wanafundisha saa ngapi na nani anashika kliniki wakati huo. Mahali ambapo saa ya kufundisha haijaandikwa kwenye ratiba, kliniki huila kila siku, na hakuna wa kulaumiwa.

Kwa kulinganisha, ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya residenti Marekani, hudai programu iwe na angalau madaktari wanne wa tiba ya mionzi, na pia mwanafizikia na mwanabiolojia wa mionzi au wa saratani, na residenti asimalize bila kushughulikia wagonjwa wasiopungua 450 wa mionzi ya nje. Kwa idadi ya wagonjwa, residenti wa Dar es Salaam anaweza kumzidi mwenzake wa Chicago kwa mbali. Upungufu wetu uko kwenye orodha ya walimu, hasa hao wawili wasio madaktari.

Mwanafizikia wa tiba ndiye mwalimu ninayemwangalia kwanza nikitaka kujua programu ina uzito gani. Uliza: ana kipindi cha kudumu na residenti, au anafundisha akipata nafasi? Anawaruhusu kusimama naye anapopima dozi ya mashine? Pale anapohesabiwa kama fundi wa mashine, residenti humaliza shule wakiamini kila namba inayotoka kwenye kompyuta. Biolojia ya mionzi nayo mara nyingi hufundishwa na daktari au mwanafizikia kwa kuwa mwanabiolojia hayupo. Si vibaya, mradi somo lipo kwenye ratiba na lina mtihani.

Halafu kuna mteknolojia. Huyu anamwona mgonjwa kila siku kwa wiki tano, wakati wewe unamwona mara moja kwa wiki. Anajua nani amekonda mpaka barakoa ya plastiki imelegea usoni, nani ameanza kukosa siku kwa sababu nauli imemwishia. Residenti anayemsalimia mteknolojia kwa heshima na kuuliza "leo nani hayuko sawa?" anajifunza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

Hatua ya tatu: tembelea kabla hujasaini

Omba kukaa kituoni siku mbili tatu. Wengi hukubali. Usiende kutembezwa kwenye korido. Omba kuketi kimya nyuma ya chumba cha mipango na uangalie mambo haya.

Bingwa anapopokea mchoro wa residenti, anaufungua na kuupitia kipande kwa kipande, au anaangalia picha moja ya katikati na kubonyeza kitufe cha kuidhinisha? Akisahihisha, anaeleza sababu? Je, kuna kikao cha wiki cha kupitia mafaili ya wagonjwa wapya, na residenti ndiye anayewasilisha? Kikao cha pamoja na wapasuaji, wapatholojia na wataalamu wa radiolojia kinafanyika kweli au kipo kwenye karatasi? Na residenti akiuliza swali mbele ya watu, uso wa mkubwa unakuwaje?

Waulize pia residenti wa mwaka wa mwisho, mkiwa peke yenu kwenye chai, ni lini mara ya mwisho mashine ilisimama na wao walifanya nini siku hizo. Machi 2016 mashine pekee ya kobalti ya Uganda, pale Mulago, iliharibika isitengenezeke, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa wagonjwa lilikuwa janga. Ila jiulize pia: daktari aliyekuwa katikati ya mafunzo yake miezi ile angejifunzia wapi? Programu nzuri ina makubaliano ya maandishi na kituo kingine, na walimu wake hutumia siku za matengenezo kufundisha kuchora kwa picha za wagonjwa wa zamani.

Hatua ya nne: mwaka wa kwanza, kaa karibu na mashine

Wiki zako za kwanza zitumie chini, kwenye chumba cha matibabu, usizimalizie kliniki. Msaidie mteknolojia kumlaza mgonjwa, kumpanga kwa mistari ya leza, kulinganisha picha za mifupa na za mpango. Ukishaona jinsi mama mwenye maumivu ya nyonga anavyosogea nusu sentimita kila akivuta pumzi, utaelewa kwa nini tunaongeza ukingo wa usalama kuzunguka uvimbe, na hutauongeza ovyo.

Jifunze kobalti hata kama kituo chako kimehamia LINAC. Kobalti 60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5.27, sawa na asilimia moja hivi kwa mwezi. Chanzo kipya kinachotoa dozi ya siku kwa dakika moja na nusu, baada ya miaka mitano na miezi mitatu kitahitaji dakika tatu kwa dozi ile ile. Foleni inarefuka, mgonjwa anatingishika zaidi mezani, na ratiba ya idara nzima inabadilika. Mwombe mwanafizikia akupe hesabu ya mwezi huu uifanye kwa mkono, kisha mlinganishe.

Hatua ya tano: jifunze kuchora, ukisahihishwa

Hapa ndipo ubingwa ulipo, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mgonjwa tunayemwona sana ni mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyofika hatua ya kupewa mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya kemotherapi, ya kila wiki. Kabla hujagusa kipanya, soma upya maelezo ya uchunguzi wa kwanza: uvimbe umeshuka ukeni kiasi gani, umegusa ukuta wa nyonga upande gani. Residenti wengi hukimbilia skrini. Uvimbe wa ukeni mara nyingi hauonekani vizuri kwenye CT. Uliuona kwa kidole chako siku ya kwanza kliniki, na kama hukuandika sentimita, sasa unakisia.

Chora uvimbe wenyewe kwanza, kisha eneo ambalo seli zisizoonekana zinaweza kuwa zimesambaa, kisha ukingo wa kufidia mijongeo. Baada ya hapo chora viungo vya kulinda: kibofu, puru, utumbo, vichwa vya mifupa ya paja. Ukimaliza usiite mwalimu mara moja. Fungua atlasi ya michoro, ulinganishe kipande kimoja kimoja, uandike mahali unapotofautiana. Tovuti ya eContour ni ya bure na inafunguka hata kwa intaneti ya simu. Ndipo umwite mwalimu, na umwambie: "Dokta, nina wasiwasi na tezi za upande wa kushoto hapa." Atakufundisha zaidi kwa dakika tano hizo kuliko kwa mhadhara wa saa nzima, kwa sababu umemwonyesha pa kuanzia.

Hifadhi mchoro wako wa awali kwa jina tofauti kabla hajausahihisha. Baada ya miezi sita fungua yote miwili, wako na wake. Makosa yanayojirudia yataonekana yenyewe, na hayo ndiyo ya kushughulikia.

Hatua ya sita: mionzi ya ndani na hesabu zake

Kama kuna jambo moja la kukataa kabisa, ni kumaliza mafunzo bila kuweka vifaa vya mionzi ya ndani kwa mikono yako mara nyingi. Saratani ya mlango wa kizazi haiponi vizuri kwa mionzi ya nje peke yake, na huyu ndiye mgonjwa atakayekungoja popote utakapopangiwa.

Anza kwa kushika taa. Kisha msaidie bingwa kupitisha mrija wa kizazi. Kisha fanya wewe, yeye akiwa amevaa glavu kando yako. Muuguzi wa chumba kile ni mwalimu kamili; anajua pamba ipakiwe vipi ili puru isogee mbali na chanzo, na anajua lini mgonjwa ana maumivu kuliko anavyosema. Mwite Sista, msikilize.

Na hesabu usimwachie mtu. Chukua mama aliyepata grei (kipimo cha dozi) 50 za nje kwa vipande 25, yaani vikao 25, kisha grei 7 mara nne za ndani. Vipande vinapokuwa vikubwa huwezi kujumlisha tu. Lazima ubadilishe kuwa dozi inayolingana na vipande vya grei mbili. Kwa uvimbe, ambao tunaupa uwiano wa alfa kwa beta (namba inayoonyesha tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa kipande) wa 10, grei 28 za ndani zinakuwa karibu 40, na jumla inafika karibu 90. Tunataka kuvuka 85, kwa hiyo ni vizuri. Sasa geukia puru, ambayo uwiano wake ni 3. Tuseme sehemu yake inayopata dozi kubwa imepokea grei 4 kila kikao, na tuchukulie imepata zote 50 za nje: 16 zinageuka 22.4, jumla 72.4, chini ya kikomo cha 75. Ikiwa imepokea grei 5 badala ya 4, yale 20 yanageuka 32, jumla 82. Grei moja tu kwa kila kikao imemtoa mama huyu kwenye usalama na kumweka kwenye hatari ya kutokwa damu miezi mingi baadaye. Residenti aliyefanya hesabu hii kwa kalamu hawezi tena kupakia pamba kwa haraka.

Hatua ya saba: zizoee habari za makosa

Mwaka 1996 huko San José, Costa Rica, chanzo cha kobalti kilibadilishwa na mashine ikapimwa upya. Katika upimaji huo, dakika 0.3 ilichukuliwa kuwa sekunde 30, ilhali ni sekunde 18. Mashine ikaonekana dhaifu kuliko ilivyokuwa, muda wa matibabu ukarefushwa, na wagonjwa zaidi ya 100 wakapewa dozi kubwa mno. Panama, mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walipatwa na jambo la namna hiyo kwa sababu ya jinsi taarifa za vizuizi vya mionzi zilivyoingizwa kwenye programu ya kompyuta. Ripoti za IAEA kuhusu matukio hayo mawili zinapaswa kusomwa na kila residenti, pamoja na mwanafizikia wake, kwenye meza moja.

Angalia kama idara yako ina daftari la matukio ambalo mtu yeyote anaweza kuandika bila kuogopa. Kama halipo, mwombe mkuu wa programu muanze hata na la kawaida. Andikeni yaliyokaribia kutokea pia: faili la majina yanayofanana, upande wa kulia ulioandikwa kushoto. Mwalimu anayesoma daftari hilo kwa sauti ya kawaida, bila kumtafuta mkosaji, anawafundisha residenti kusema ukweli mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuokolewa.

Hatua ya nane: kitabu cha kazi, tasnifu na mtihani

Kitabu chako cha kazi kijaze siku hiyo hiyo. Usiandike jina la mgonjwa. Andika namba, ugonjwa, dozi, ulichofanya wewe na alichofanya msimamizi. Kila robo mwaka kaa na mlezi wako mtazame pengo. Umeona matiti mengi lakini watoto hujaona? Ubongo je? Pengo likijulikana mwaka wa pili linazibika kwa mzunguko wa nje. Likijulikana wiki ya mtihani halizibiki. Cape Town imefundisha timu nyingi za Afrika, na AFRA, ushirikiano wa nchi za Afrika chini ya IAEA, hugharimia baadhi ya ziara za mafunzo. Mpango wa huduma za saratani wa Rays of Hope, ulioanzishwa na IAEA mwaka 2022, nao umeweka mafunzo ya wataalamu ndani yake. Nafasi hizi hupitia kwa mratibu wa taifa wa IAEA, kwa hiyo mjulishe mkuu wako mapema kwamba unazitaka.

Tasnifu ichague ndogo, yenye manufaa kwa idara. Je, wagonjwa wetu wa mlango wa kizazi wanamaliza tiba yote ndani ya wiki nane? Wasiomaliza wanakwamishwa na nini? Swali kama hilo linajibika kwa mafaili yaliyopo, na jibu lake linaweza kubadilisha ratiba ya Jumatatu ijayo.

Mtihani wa mdomo jiandaeni pamoja. Mmoja ashike faili, mwingine ajibu kwa kufuata njia ile ile kila mara: historia, uchunguzi, hatua ya ugonjwa, chaguo la tiba, dozi, viungo vya kulinda, madhara, ufuatiliaji. Msisahau mgonjwa wa kupunguziwa maumivu. Mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, aliyesafiri kwa basi kutoka Kigoma, anaweza kupata nafuu ileile kwa grei 8 za siku moja kama kwa vikao kumi, kwa maumivu yasiyo na mvunjiko wala kubanwa kwa uti wa mgongo. Mwanafunzi anayempangia vikao kumi bila sababu amemgharimu mzee huyo wiki mbili za kulala kwa ndugu mjini.

Ukishafaulu

Miezi ya kwanza kazini, usikae peke yako na skrini. Panga na bingwa mmoja uliyefundishwa naye muwe mnapitia mipango yako migumu kwa njia ya video kila wiki, picha zikiwa hazina majina. Kama umepelekwa kituo kipya, hakikisha kabla ya mgonjwa wa kwanza kwamba dozi ya mashine imekaguliwa na mtu wa nje; IAEA pamoja na WHO wamekuwa wakiendesha ukaguzi wa dozi kwa njia ya posta tangu 1969, na mwanafizikia wako anaweza kuuomba. Na residenti au daktari mtarajali wa kwanza atakapofika idarani kwako, mwandikie saa yake ya kufundishwa kwenye ratiba, wino usiofutika, kabla kliniki haijaanza kujaa.